Feni ya Hajati Zubeda

Hajati Zubeda huchapa kadi za harusi hapa Koboko. Aliniita kwa kuwa feni ya kompyuta yake ilikuwa ikibadilisha mwendo kila mara, inavuma, inanyamaza, inavuma tena. Mimi, fundi niliyesomea Arua na sichoki kuwakumbusha watu, nikaiwekea mwendo mmoja. Mvumo ukaendelea kupanda na kushuka. Nikapangusa vumbi, nikabadilisha feni yenyewe, wapi. Wateja walikuwa wananitazama, basi nikatangaza kwa sauti, "Hii kitu iko mzee, imeoza ndani. Tupa tu." Nikachomoa waya. Bado ilivuma.

"Fundi," Hajati akasema taratibu, "feni ilinyamaza zamani. Hiyo ni bwana yangu, iko nalala nyuma ya pazia."

Mvumo ukakatika. Pazia likafunguka, akasimama sajenti mstaafu, macho mekundu.

"Nani nataka kunitupa?"