Sikio Ambalo Baba Hakulichonga

Nilipostaafu ualimu nilinunua sanduku la bati, nikaanza kuchagua vitu vya kuwaachia wajukuu. Vyeti vyangu niliviacha nje. Picha za harusi nilichukua moja tu. Kitu cha kwanza kabisa kukiweka kilikuwa kichwa cha mpingo.

Baba yangu alikuwa mchongaji, Mmakonde aliyetoka Newala akaja Dar kuchonga vinyago vya kuuzia wageni. Kichwa hicho ndicho pekee alichotuchongea sisi: uso wa mama. Alifariki hajakimaliza. Upande wa kulia hapakuwa na sikio, ni mti mtupu wenye alama za patasi, moja moja, mpaka pale mkono wake ulipoishia. Kabla ya sanduku nilizoea kupitisha kidole kwenye zile alama kila nilipofuta vumbi la saruji la kiwandani, ambalo hapa Wazo linaingia hata ufunge madirisha.

Siku moja nikafungua sanduku, nikakuta hakipo. Nilipekua nyumba nzima, nikalala na hasira za kuibiwa. Jumapili mwanangu mkubwa akaja kutoka Mbweni na mkewe, na keki, na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Kumbe alikichukua yeye nilipokuwa kanisani.

Nikafungua. Uso uling'aa kama kiatu kipya. Masikio mawili. Alama zote zimepigwa msasa zikaisha.

"Nimempata fundi mzuri Kunduchi, anachongea mahoteli," alisema. "Si unaona, Mama? Sasa kimekamilika."

"Nani alikwambia kilikuwa na kasoro?"

Akacheka, akidhani natania. "Mama, kilikuwa na sikio moja."

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu, aondoke na keki yake. Mkewe akapiga goti. "Mama, tusamehe. Alitaka kukufurahisha tu."

Nilijua. Hilo ndilo lililonichoma. Mwizi ningemlaani yakaisha. Huyu alimfuta babu yake kwa mapenzi, akamlipa na fundi.

Alipofika mlangoni akageuka. "Hukuwahi kutuambia, Mama."

Nimefundisha watoto wa watu miaka na miaka, nikirudia somo mpaka sauti inakauka, wangu nikawaacha wajue wenyewe. Lakini hata kama hajui, mtu anachukuaje kitu cha mzazi wake bila kuuliza?

Mwezi mzima sikupokea simu zake. Kisha nikampigia mimi, nikamwambia aje na wanawe. Niliwakalisha sebuleni, nikatoa kitu kimoja kimoja sandukuni: khanga ya mama, patasi ya baba ambayo mpini wake umebonyea mahali pa kidole gumba, ile picha. Nikawaeleza kila kimoja kilikuwa cha nani na kwa nini nimekichagua. Mwanangu alisikiliza kama mwanafunzi aliyechelewa, ameinamisha kichwa.

Kinyago sikukirudisha sandukuni. Nilimkabidhi yeye.

"Hiki ni chako. Kiweke kwako Mbweni. Wanao wakikuuliza, waambie kilivyokuwa, na waambie ulichokifanya."

Alikipokea kwa mikono miwili. "Nitawaambia, Mama."

Mjukuu mdogo akaniangalia usoni. "Bibi, bado umekasirika?"

"Ndiyo," nikamjibu, nikaenda kuwapikia chai.