Niliwarudisha Ng'ombe wa Baba Zizi Moja

Nilisema ndiyo. Hilo ndilo kosa langu, na sitamsukumia mtu mwingine. Wazo lilikuwa la mwanangu, lakini aliyesimama uani na kutamka "wakusanywe wote" ni mimi, mzee mzima mwenye akili zangu timamu. Laiti ningekataa siku ile!

Niwaeleze kwanza msioijua Dodoma. Mvua ya huku ni ya vipande. Inaweza kunyesha Haneti wiki nzima, na sisi wa upande wa Kongwa tukabaki tunatazama mawingu yakipita. Ndiyo maana wazee wetu hawakuweka ng'ombe wote mahali pamoja. Unampa rafiki wa mbali wachache akae nao. Yeye anakunywa maziwa, anatumia samadi shambani, na baada ya muda unamzawadia ndama. Ng'ombe akifa anakuletea ngozi yenye alama yako, mambo yamekwisha. Hakuna polisi wala mwanasheria. Ngozi na neno la mtu vinatosha.

Ng'ombe wa baba yangu walikaa Haneti kwa rafiki yake. Wazee wale walipofariki, urafiki tukaurithi mimi na mtoto wa yule rafiki. Nitamwita Yeremia, ingawa si jina lake. Binti yake alipofariki akijifungua, Yeremia alimpa yule mtoto mchanga jina la baba yangu. Mimi nilizaa wasichana na huyo mvulana mmoja, naye watoto wake amewapa majina ya kwenye televisheni. Kwa hiyo kichanga kile cha Haneti kilikuwa ndicho pekee kilichobeba jina la mzee. Nililia msibani niliposikia.

Halafu ukaja ukame.

Mwanangu anafanya kazi ofisini mjini. Akaja nyumbani, akaniambia, "Baba, watu wakishikwa na njaa hawana urafiki. Watachinja ng'ombe wako, watakula nyama, halafu watakuletea ngozi na machozi."

Nilimkemea. Lakini maneno yale yalinikaa kichwani, na kwa bahati mbaya siku chache baadaye, mwanangu akiwa bado yuko, Yeremia alishuka kwenye basi na kiroba begani. Ndani kulikuwa na ngozi.

"Mbukwa, mwenzangu!" aliniamkia akicheka. "Nimekuletea mgeni asiyekula wala kunywa. Mwaka huu wageni wa namna hiyo ndio wazuri."

Majirani waliokuwa uani wakacheka. Mwanangu hakucheka.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hapa shingoni naona kisu kimepita. Huyu alikufa au alichinjwa?"

"Marahaba, mwanangu. Alianguka, hakuinuka, tukamwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga. Ulitaka tumsubiri aage?"

Watu wakacheka tena. Hapo ndipo ningemkaribisha mwenzangu kiti na kumwagizia uji. Badala yake nilifanya nini? Niliikunjua ile ngozi mbele ya watu wote, nikapiga magoti, nikaanza kutafuta alama! Mimi! Baba yangu hakuwahi kukunjua ngozi hata moja maisha yake yote. Alikuwa anaipokea, anasema pole, basi.

Yeremia alinitazama mpaka nikamaliza. Alama ilikuwepo.

"Angalia na mkia," akasema. "Usije ukawa si wake."

Hakula. Alirudi na basi la jioni. Na mimi, kwa aibu iliyogeuka hasira, ndipo nikasema wakusanywe wote.

Tulifika Haneti na vijana wa kuswaga. Yeremia hakubisha, akafungua zizi mwenyewe. Mke wake ndiye aliyetoka ndani na mtoto mgongoni.

"Shemeji, wachukue wote, ni mali yako. Utuachie huyu mwekundu tu mwenye maziwa. Huyu mtoto mama yake tulimzika, na wewe ulikuwepo. Kitu kingine cha kumpa sina."

Yule mtoto alikuwa anajinyonya ngumi. Nilimwona. Msidhani sikumwona.

Nikamgeukia mwanangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, ukianza kuacha mmoja mmoja, tumekuja kufanya nini?"

"Nitawaletea maziwa ya kopo, shemeji," nikasema. Ng'ombe mwekundu akaswagwa na wenzake. Maziwa ya kopo sikupeleka. Kwanza nilikuwa na shughuli, kisha niliona aibu kwa sababu nimechelewa, kisha nikawa sina hata cha kununulia.

Zizi langu lilijaa, mwanangu akapiga picha kwa simu. Jirani yangu mmoja alipita na ng'ombe wake watatu akiwapeleka kwa shemeji yake, Kondoa. Akaniuliza, "Wenzako tunatawanya, wewe unakusanya? Umeoteshwa?" Nilimjibu kwa jeuri kwamba mimi nimesoma.

Majani yaliisha. Tukalisha mabua, nayo yakaisha. Ilifika mahali kila asubuhi tunaingia zizini kuinua ng'ombe, mmoja anashika pembe, mwingine mkia, tunasukuma. Anayesimama anapelekwa kutafuta chochote, asiyesimama ndio basi. Mwekundu hakuchelewa kuanguka. Walikufa wote, jamani! Ngozi nilizichuna mwenyewe, nikazikunja, nikazipanga ukutani. Sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Na mvua? Ikanyesha Haneti. Kwetu ilidondoka kidogo, ikaacha.

Huku kwetu mtu akiishiwa chakula anakwenda kuhemea, yaani anakwenda kutafuta nafaka kwa watu waliovuna. Nilizunguka kila mahali ili nisiende kwa Yeremia. Mwishoni nilikwenda. Njiani nilitunga hotuba ya kuomba radhi, lakini hakunipa nafasi ya kuisema. Alinipokea mkoba, akamwita mkewe, nikaletewa maji ya kunawa, ugali wa uwele na mlenda. Kisha akanijazia gunia bila kuniuliza kitu.

Mtoto alikuwa anacheza uani na kuku. Mzima! Mashavu haya! Moyo wangu ulipoa, nikamwita kwa jina la baba yangu. Hakugeuka. Nikaita tena.

"Haitwi hivyo siku hizi, shemeji," mke wa Yeremia akasema.

Akanieleza. Baada ya mimi kuondoka na ng'ombe, mtoto alikuwa anakunywa uji mwepesi na kuharisha. Akapita mfugaji wa Kibarbaig akihama na mifugo yake. Watu wa kabila lake ndio sisi tunaowaita wezi wa ng'ombe, na kijiji kile kiliwahi kuwafukuza kisimani. Alisikia mtoto analia, akauliza kulikoni, akaambiwa. Akatenga mbuzi mmoja mwenye maziwa kwenye kundi lake, akamfunga kwenye nguzo ya nyumba, akaendelea na safari. Ilibidi wamkimbilie nyuma kumuuliza anaitwa nani.

"Tulimpa mtoto jina lake," Yeremia akasema. "Sikufanya hivyo kukukomoa."

Nikaomba radhi kwa maneno mabovu mabovu. Nikamwambia Mungu akinijalia ndama, nitamleta kwake akae naye kama zamani.

Alitabasamu, na laiti angenitukana! "Chakula nitakupa kila ukija, mwenzangu. Ng'ombe mpeleke kwa mwanao mjini."

Wazee wenzangu, na ninyi vijana mnaowashauri wazazi wenu, nawasihi. Hali ikiwa mbaya, kitu cha kwanza kitakachowajia ni kuwaogopa watu wenu. Msikisikilize! Mimi nilidhani njaa itamgeuza Yeremia kuwa mwizi, kumbe aliyegeuzwa ni mimi. Yeye alibaki kama alivyokuwa. Mgeni asiyemjua mtu alitoa mbuzi wake, na mimi niliyejuana nao tangu utotoni nilitoa ahadi ya kopo.

Ng'ombe wa baba yangu wamekwisha wote. Rafiki yangu ananilisha kama anavyolishwa mpita njia yeyote. Na jina la baba yangu halina tena mtu anayeitwa nalo.