Zamu ya Mkia

Redio ya kinyozi ilikuwa juu ya kabati la taulo, na mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, pale sauti ya dada wa kinyozi iliposikika ikisema hatagombea tena ubunge. Kinyozi akazima mashine.

"Mbona unaniacha njiani?" mteja akauliza. Alikuwa fundi saa wa duka la pili, mtu wa maneno mengi.

"Nyamaza kidogo, nisikie."

"Baada ya vipindi vitano, nimeamua kuwaachia wengine," redio ilisema kwa sauti ile ya dada. "Narudi nyumbani." Kisha ikafuata taarifa ya barabara iliyofungwa kwa matengenezo, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani.

Kinyozi akaiweka mashine kwenye meza, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakatiza ua, akaingia nyumbani. Kulikuwa na chumba humo ambacho kwa miaka ishirini na mitano kilifagiliwa kila Ijumaa na kulaliwa usiku mmoja kwa mwezi, tena kwa bahati. Akafungua madirisha yote mawili. Akaburuta godoro mpaka uani, akaanza kulichapa kwa mpini wa ufagio kama mtu mwenye ugomvi nalo wa siku nyingi. Fundi saa akamkuta hapo hapo, kitambaa bado kiko shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na upande wa pili una nywele zake zote.

"Sasa mimi nipite mtaani hivi?"

Kinyozi akamkumbatia. Fundi saa alilisimulia jambo hilo mwezi mzima, na kila aliposimulia alitia chumvi, ila hapo pa kukumbatiwa palikuwa kweli tupu.

Huyu kinyozi ni mtu mzima wa miaka hamsini na minane, amefiwa na mke, ana wajukuu wawili wanaoishi mbali, na bado mtaa mzima unamwita Mkia. Jina alipewa na dada yake. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka sita na dada kumi na minne, na baba ni mtu wa kazi za safari. Asubuhi alishika upindo wa gauni la dada, akauachia wakati wa kulala. Dada akienda kuchota maji, yumo. Akienda dukani, yumo. Watu wakiuliza huyu mtoto ni nani, dada anajibu, "Huyu si mtoto, ni mkia wangu." Jioni dada alikaa chini jikoni, miguu ameinyoosha, sahani mapajani, tonge moja lake, moja la Mkia, na hakuinuka mpaka chakula kimekwisha. Mkia amekula kwenye harusi za watu wazito, lakini ukimuuliza ni lini alishiba, atakutajia jioni hizo.

Dada akawa mwalimu, kisha watu wakampenda, kisha chama kikamwomba, na hapo ndipo Mkia alipompoteza. Si kwamba hakurudi. Alirudi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kusikiliza shida za wananchi. Benchi refu liliwekwa kwenye kibaraza, foleni ikatoka mpaka nje ya geti, na yeye akakaa kwenye meza ya chumba cha mbele na daftari la jalada jeusi. Kila aliyeingia aliulizwa maswali matatu. Jina lako? Shida yako? Umeshapita wapi kabla ya kuja kwangu? Hilo la tatu ndilo lililompa sifa, maana alitaka kujua ni ofisi gani imemzungusha mtu huyo, na Jumatatu ofisi hiyo ilikuwa inajuta. Foleni ikiisha, alikula amesimama jikoni, mkoba begani, dereva akipiga honi.

Mwaka mmoja Mkia alimpelekea chai katikati ya foleni. Akaiweka mezani taratibu. Dada, bila kuinua kichwa, kalamu mkononi, akamuuliza, "Umeshapita wapi kabla ya kuja kwangu?"

Walicheka sana, wote wawili. Dada alicheka mpaka akakohoa. Mkia alirudi jikoni akiwa bado anacheka, akainama kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Iliuma, na imeendelea kuuma.

Kitu kimoja tu alikigomea katika miaka yote hiyo, kumwita Mheshimiwa. "Mheshimiwa ni wenu," aliwaambia wateja. "Dada ni wangu."

Mwezi ule wa tangazo la redioni wabunge saba wa chama kile kile walitangaza kung'atuka, na pale kwenye kiti cha kinyozi hapakuwa na mada nyingine. Fundi saa alisema wakubwa wameona wingu, wanaanua nguo mapema. Muuza magazeti akasema tatizo si wao kuondoka, tatizo ni chama ambacho hakikuwahi kuandaa mtu mwingine.

"Miaka yote hiyo hatukukipigia kura chama," alisema. "Tulimpigia yule mama. Mama akiondoka, wanabaki na bendera na deki ya muziki."

Mkia alinyoa, akasikiliza. Kwake habari yote hiyo ilikuwa na maana moja, nayo ni sahani ya pili mezani.

Dada akafika na masanduku matatu. Hata hajayafungua, Mwenyekiti wa chama alishatia timu, muuza mabati mwenye tumbo linalomtangulia na moyo, tuseme ukweli, si mbaya. Mkia alisimama nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la vikombe, roho juu.

"Mheshimiwa, jimbo linatuponyoka. Watu watatu wanaitaka nafasi yako, na kila mmoja anatangaza kwamba wewe ndiye umemchagua."

"Sijamchagua yeyote."

"Ndiyo balaa lenyewe! Kura zetu zitagawanyika mafungu matatu, wapinzani watapita katikati wakipiga miluzi. Kipindi kimoja tu, mama."

"Sikiliza, Mwenyekiti. Chama kikifa kwa sababu mimi nimelala mchana, basi kilikuwa mgonjwa zamani."

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Mkia alikuwa anacheka peke yake kama mwehu.

Siku za mwanzo alipika kama mtu anayetegemea wageni kumi. Dada alisema ahsante, akala haraka haraka, amesimama, ameegemea sinki. Mkia akamvutia kiti. Dada akaweka mkoba juu ya kiti. Daftari jeusi alishalikabidhi ofisi ya chama, lakini vidole vyake vilitafuta kalamu mezani hata wakati wa kunywa chai. Jioni moja, Mkia alipokuwa anamweleza habari ya mjukuu wake aliyeota meno, dada aliitikia kwa kichwa, akasubiri kidogo, akauliza, "Kuna lingine?" Mkia akasema hakuna. Kikao kikafungwa.

Ikaja Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Dada aliamka mapema, akavaa vizuri, akakaa kwenye meza ya chumba cha mbele, mlango wazi. Nje watu walipita, wengine na bahasha mkononi, wengine wamebeba watoto. Walimpungia mkono, "Shikamoo, Mheshimiwa!", wakanyoosha moja kwa moja hadi ofisi ya chama, ambako wale watatu walikuwa wamefungua foleni tatu. Dada aliitikia kila salamu. Ilipofika saa sita alikuwa bado amekaa pale, mikono juu ya meza tupu. Mkia, akitoka dukani kwake kuja kuangalia moto, alimwona, akasimama uani na hakujua aende wapi. Kumkosa alipokuwa mbali alishazoea. Sasa alikuwa anamtamani dada yake naye yuko hatua kumi kutoka pale, na hilo hakuna aliyemfundisha namna ya kulibeba.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, Mwenyekiti akarudi, safari hii na fomu ya kugombea.

"Wale watatu wamepigana makonde jana, mbele ya waandishi. Mwisho wa kurudisha ni kesho saa kumi jioni. Weka jina na saini tu, mengine tutamaliza sisi."

Mara ya kwanza dada alikataa kabla mtu hajamaliza kuomba. Sasa aliisoma fomu mpaka chini. Kisha akasema, "Iache hapo."

Mkia aliiona fomu mezani dada alipokwenda kuoga, kalamu imewekwa juu yake. Akaichukua. Ingeweza kupotea kirahisi sana, jiko lilikuwa linawaka na yeye kwa usafi anajulikana. Akaishika muda mrefu. Halafu akairudisha, kalamu juu yake vile vile, kwa sababu dada anayebaki nyumbani eti fomu haionekani, huyo hajarudi.

Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Mkia akabandika karatasi mlangoni, *Nimefunga, nina shida*. Akajinyoa ndevu. Akavaa shati aliloozeshea mwanawe, lililokuwa linambana kifuani. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka barabarani, akaingia kwa geti la mbele kama mtu yeyote, akapangusa vumbi kwenye benchi, akakaa.

Dada alikuwa mezani. Akamwona.

"Mkia? Unafanya nini hapo?"

"Nasubiri zamu yangu, Mheshimiwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Dada akacheka. Mkia hakucheka. Dada akaliangalia lile shati, akakiangalia kidevu kilichonyolewa, na kicheko kikamwishia. Akavaa miwani.

"Anayefuata," akasema.

Mkia akaingia, akakaa kwenye kiti cha wenye shida. Hakuwahi kukikalia hata siku moja. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani, mtu ukikaa pale unamtazama mbunge kutoka chini.

"Jina lako?"

"Mkia."

"Jina kamili."

"Nililopewa ni hilo."

Dada akapapasa meza akitafuta daftari. Halikuwepo, ilikuwepo fomu tu. Akaivuta mbele yake, akashika kalamu. Dada akaigeuza fomu kifudifudi. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Akaandika jina.

"Shida yako?"

"Ninamtafuta dada yangu."

Kalamu ikasimama. Baadaye ikaendelea.

"Alipotea lini?"

"Miaka ishirini na mitano. Juzi juzi redio ilisema anarudi, nikaanika godoro."

"Hakufika?"

"Masanduku yamefika."

Gari lilipita nje, mtu akaita salamu, na kwa mara ya kwanza dada hakuitikia. Alikuwa anaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa za duara. Kisha akauliza kama alivyouliza maelfu ya watu, mdomo ukienda wenyewe:

"Umeshapita wapi kabla ya kuja..."

Akaisikia sauti yake. Akakumbuka chai. Mkia alijua amekumbuka, maana alivua miwani.

Jibu alikuwa ameliandaa tangu Ijumaa usiku, maneno mazuri kabisa, na yote yakamtoka akilini. "Nimepita jikoni," akasema. "Nimepika kila ninachokijua. Nimepita mlangoni kwako asubuhi, nikarudi. Nimenyamaza, nikidhani ndiyo kukupumzisha. Kwingine sikupita, dada. Niliiona hii foleni miaka yote, nikaona haya kuipanga. Watu walikuwa na shida kubwa kubwa, na yangu ilikuwa ndogo."

"Haikuwa ndogo," dada akasema. Akainama, akaandika na hayo pia, mpaka mwisho, hakuruka kitu. Kisha akashika upindo wa gauni lake, akajifuta macho mbele ya mwananchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Na mimi nawatamani watu wangu, Mkia. Jumamosi ikifika ukimya unaniuma masikio. Nani atawauliza wamepita wapi?"

"Najua."

"Huyo dada yako, ukimpata, unamtaka wa nini?"

Mkia akafikiri. "Ale amekaa," akasema.

Mwenyekiti alifika saa tisa, gari likiunguruma getini, watu wawili nyuma yake. Chumba cha mbele hakikuwa na mtu. Akafuata harufu ya chakula mpaka jikoni, akamkuta mbunge wa vipindi vitano amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sahani mapajani, na kinyozi pembeni yake kifungo cha shati kimekatika.

"Mheshimiwa! Tumebakiwa na saa moja. Fomu iko wapi?"

Dada akaichomoa chini ya sinia, akampa. Mwenyekiti akaitazama mbele, hakuona jina wala saini. Akaigeuza nyuma. Akaanza kusoma, midomo ikichezacheza, na alipofika katikati sauti yake ikashuka.

"Sasa hii ndiyo nini, mama?"

"Shida ya mwananchi," dada akasema, tonge mkononi, wala hakuinuka. "Naishughulikia."