Karatasi Juu ya Maikrowevu

Muuguzi wetu wa zamu ya mchana hula amesimama kando ya sinki, kwa vidole: wali na samaki wakavu anaotumiwa na dada yake kutoka Iloilo. Vidole vyenyewe vimechubuka kwa sabuni. Kila anayeingia jikoni humwambia, “Umekula? Njoo tule,” maana kwetu Ufilipino huli mwenzako akikutazama. Wafanyakazi Waingereza wa hii nyumba ya wazee, hapa Hull, hutabasamu, husema chakula kinanukia vizuri, kisha hufungua dirisha. Miaka mitatu wanafungua dirisha. Jumanne tukakuta karatasi juu ya maikrowevu: “Wenzetu wapendwa, tafadhali tusipashe vyakula vyenye harufu kali.” Haina jina. Wenzetu wapendwa, eti. Tuko thelathini, na anayepasha samaki ni mmoja.

Akaibandua taratibu, akawafuata wale Waingereza mezani walikokuwa wakinywa chai. “Nani kaandika?” akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia kama mgonjwa amemeza dawa. Wote wakainamia vikombe vyao. “Asubuhi nimemwambia Bibi Ackroyd usoni kwamba ananuka mkojo. Tukacheka, nikamwogesha, akanishukuru. Ana miaka tisini na moja yule. Nyie mmeshindwa kuniambia habari ya samaki?” Mmoja akamuuliza kwa upole kama angependa chai. Kesho yake tukakuta karatasi mpya, palepale: “Wenzetu wapendwa, tafadhali tusibandue matangazo.”