Mama Songombingo Aliyenyamazishwa

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Makongeni, mjukuu wangu Nekesa, nikiwa bado msichana. Gazeti la katuni lilikuwa moja tu kwa laini yetu yote ya nyumba, kwa hiyo tulikusanyika mferejini, kina mama wakifua, kaka yangu Wanjala akitusomea kwa sauti. Shujaa wetu alikuwa Mama Songombingo wa kwenye katuni, muuza sukuma wiki mwenye leso kiunoni, aliyewatimua askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, kwa mdomo. Mdomo tu, haki ya Mungu!

Siku hiyo jirani yetu mmoja, askari wa kanjo, alikuwa amekaa papo hapo na wanawe. Wanjala akaogopa, akayaruka maneno makali. Kumbe mama yangu alikuwa akichungulia picha. Akaacha kufua, povu likimdondoka mikononi.

"We Wanjala! Askari anakimbia nini, na huyu mama hajasema kitu? Soma yote!"

Jirani akainama kidogo, kisha akasema, "Soma tu, kijana. Mimi nimezoea." Wanjala akasoma yote, na jirani akacheka kutushinda sote.

Sasa wewe, mjukuu wangu, ndiye umeandika maneno ya hiyo filamu mnayosema imemfufua Mama Songombingo. Juzi ulinionyesha kwa simu. Lo! Anaruka angani na nguo za kung'aa, ile leso kiunoni, mboga hakuna, askari hakuna, na kazi yake ni kutabasamu! Nikakuuliza kulikoni.

"Shosho, wadhamini hawataki noma na kanjo," ukasema. "Na nyinyi wa kitambo mtafurahi tu kumwona."

Kisha ukataka nisimame mbele ya kamera niseme ndiye yule yule. Mimi? Niwadanganye watu wa Makongeni na mvi hizi? Sisemi ng'o! Nimekasirika, wala sifichi. Mmechukua jina lake na leso yake, yeye mkamwacha. Mabango yenu yamejaa Jogoo Road yote, lakini chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwanangu, sikukatazi kufufua ya kale. Ila ukimfufua mtu, mfufue na ulimi wake. Kama wadhamini wanamwogopa, basi wamemwelewa kuliko wewe. Nenda ukawaambie hivyo, hata kama utatetemeka. Wakikufukuza, njoo kwangu, ugali upo.

Mungu aibariki kalamu yako, akupe moyo wa kusema kweli mbele ya wenye pesa, na asikuache uwe na njaa kwa sababu ya kweli hiyo. Amina.