Njia ya Kupitia Chennai

Wanawake wa jumuiya yetu walikuja nyumbani Usagara, mjini Tanga, Jumamosi moja asubuhi. Walikuwa wanne, wamebeba sukari, sabuni za kufulia na mikate miwili. Walivua viatu mlangoni kimya kimya, wakaketi, na mama yangu alipotoka jikoni akijifuta mikono, wote walimtazama miguu kwanza.

"Tumesikia unakwenda India," alisema kiongozi wao. "Tumekuja kukuombea."

"Ninakwenda kutembea," mama akajibu.

"Ndiyo, mama. Kutembea."

Akafumba macho akaanza kuomba, na katika sala ile alimwita Mungu tabibu mkuu mara nne au tano. Mama hakufumba macho. Nilimwona akiwakagua mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi.

Siwalaumu wale wanawake. Kwetu mtu haendi India kutembea. Mfanyabiashara hufuata bidhaa, mwanafunzi hufuata chuo, na wengine wote huondoka na bahasha ya picha za eksirei kwapani. Ukisema unakwenda kutembea, watu huitikia kwa adabu, halafu hukuletea sukari.

Walipoondoka, mama aliusukuma ule mfuko wa sukari kwa kidole.

"Wamejuaje?"

"Wamejua nini, mama?"

"Nakuuliza wewe."

Kwa jinsi nilivyojua mimi, tulikuwa tunakwenda kutembea. Kitinda mimba wetu alikuwa anamaliza masomo Bangalore. Dada yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyepiga simu akisema itakuwa aibu kijana avae joho na asiwepo hata ndugu mmoja wa kumpigia vigelegele. Twendeni sote watatu, alisema, na baada ya mahafali tukodi gari na dereva, tuzunguke India ya kusini kama wiki mbili. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Kwa miaka mingi nimechora ubaoni milima ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mama alikubali kwa sababu ya iliki. Karibu maisha yake yote alilima iliki huko milimani, upande wa Amani, na wanunuzi waliopanda hadi kwake walikuwa na maneno yaleyale kila msimu: iliki ya India ni nene, ni ya kijani, hii yako imepauka. Mama aliwasikiliza, akawauzia, lakini hakuwaamini. "Nataka nikaione hiyo nene," aliniambia. "Huenda wamenidanganya miaka yote hii."

Miaka miwili kabla ya hapo, kile kilima cha shambani kilianza kumkata pumzi. Miguu ikawa inavimba. Nikamshusha mjini nikae naye, nikampeleka kwa daktari, naye akasema kuna mlango wa moyo usiofunga sawasawa na kwamba aonwe na mabingwa. Mama alimshukuru, akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne. Nilipoligusia jambo hilo wiki ile, alisema, "Baba yenu alionwa na mabingwa." Baba alipelekwa India tukiwa wadogo na akarudi kwenye sanduku. Baada ya jibu lile sikuuliza tena.

Basi nilinunua ramani kubwa, nikaitandaza juu ya meza ya kulia chakula, nikachora njia kwa penseli. Kutoka Bangalore tungeelekea Mysore, tupande Ooty kwenye mashamba ya chai, tuvuke kwenda Munnar, na tushuke polepole hadi Thekkady kwenye milima ya iliki. Mama alivaa miwani yake akaifuata ile penseli kwa ukucha. Aliuliza kama barabara za huko zina kona kama za kwetu za Amani. Nilimwambia zina kona zaidi. Alifurahi. Siku ile alifurahi kweli.

Wiki mbili baadaye dada alinitumia njia yake kwenye simu. Aliianzisha Chennai.

Nilidhani amekosea. Milima yote tuliyoitaka iko magharibi na kusini ya Bangalore. Chennai iko mashariki kabisa, mwendo wa siku nzima ukiwa barabarani, kisha urudi ulikotoka. Nilimpigia.

"Chennai kuna nini?"

"Kuna bahari. Tupumzike kwanza, mama apunge upepo siku mbili tatu kabla ya milima."

Nilikuwa nimeweka sauti ya simu juu, na mama alikuwa anachambua mchele pale pale. Hakuinua uso.

"Nitoke Tanga," alisema, "nipande ndege mbili, niende nikaone bahari?"

Dada akacheka, akasema mtandao unasumbua, akakata.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika. Mama aliacha kuifungua ramani. Nikipokea simu uani, nilikuta kapu lake la nguo limehamia karibu na dirisha la uani. Ile karatasi ya daktari, iliyokuwa siku zote ndani ya droo ya kabati, siku moja haikuwapo. Nilipouliza, alisema, "Unaitakia nini?" Kwa kweli nilikuwa natafuta kitambulisho chake cha taifa kwa ajili ya pasi. Nikamweleza. Alinitazama kwa muda, akaniletea kitambulisho peke yake, amekishika kwa ncha kama mtu anayempa mbwa asiyemjua kipande cha nyama.

Jumapili moja, tuliporudi kanisani, aliiweka Biblia yake mezani.

"Weka mkono."

"Mama, jamani."

"Weka mkono. Uniambie kama kuna hospitali katika safari hii."

Niliweka mkono. Nikaapa kwamba hakuna, na kwamba kama ingekuwapo ningemwambia. Nilikasirika kidogo kwa kufanywa mwongo katika nyumba yangu mwenyewe. Yeye akaifunga Biblia, akaenda kuandaa chakula bila kusema ameniamini au hajaniamini.

Lakini kiapo kile kilinifanya mimi mwenyewe nianze kuchungulia. Nilimwandikia kitinda mimba anitumie kadi ya mwaliko wa mahafali, eti niiombee ruhusa shuleni. Akaituma. Mahafali yalikuwa siku kumi baada ya tarehe ambayo dada alitaka tufike. Nikampigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Siku kumi zote hizo kabla ya mahafali tunafanya nini?"

Nyuma yake nilisikia honi za pikipiki.

"Muulize dada mkubwa," alisema. "Mimi niliambiwa nitafute tu nyumba ya kupanga."

"Nyumba ya kupanga wapi?"

"Dada, nina mtihani kesho." Akakata na yeye.

Nilishindwa kujua nimwamini nani. Kuna saa hata mahafali yenyewe niliyatilia shaka, nikaikuza ile kadi kwenye simu nikatazama kama muhuri ni wa kweli.

Jibu nililipata kwenye duka la stesheneri, karibu na shule. Dada ndiye aliyejaza maombi ya viza kwa mtandao, yetu sote, na majibu yalipotoka alinitumia niyachapishe, akaongeza, "Usisumbuke kuyasoma, ni yaleyale." Binti wa dukani, niliyewahi kumfundisha, aliyatoa kwenye mashine karatasi moja moja, akaziweka sawa, halafu akazishika bila kunipa.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Ni mama?"

"Mama amefanya nini?"

Aliona haya. Akanigeuzia karatasi. Ya mama ilikuwa viza ya matibabu. Yangu ilisema mimi ni msindikizaji wa mgonjwa.

Niliketi kwenye kiti cha wateja. Nilichokiona mbele yangu si moyo wa mama wala India. Niliuona mkono wangu juu ya Biblia.

Nilimpigia dada nikiwa barabarani, huku bajaji zinanipita.

"Nimeona viza."

Hakujifanya haelewi. Alisema daktari wa moyo ameshapatikana Chennai, siku imeshapangwa, na kwamba mama angeambiwa akishafika, kwa sababu akiambiwa hapa hataondoka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mdogo wangu."

"Aliyeficha hapa si mama. Ni wewe. Na mimi umeniapisha uongo."

"Wewe huwezi kudanganya. Tangu utoto. Ningekuambia, mama angejua jioni ileile. Ilibidi uamini."

"Na akifika mlangoni kwa daktari? Ungembeba?"

Nikasikia analia. Dada yangu si mtu wa kulia. Alisema hawezi kukaa akisubiri simu yangu ya kumwambia mama ameanguka jikoni. Nikamwambia hata mimi siwezi, na mimi ndiye ninayelala chumba cha pili. Tukabaki kila mmoja na simu yake sikioni, mpaka salio likaisha.

Ningeweza kukaa kimya. Nakiri nililifikiria hilo njia nzima. Mama angepata matibabu, na mimi ningejitetea baadaye kwamba sikujua. Nilipofika nyumbani alikuwa anapepeta unga. Nikamwekea karatasi mbele yake nikamsomea kwa Kiswahili kila mstari.

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini.

"Ulijua lini?"

"Leo. Sasa hivi."

Alinitazama machoni, upande huu na upande huu, kama anavyokagua punje. "Hili nakuamini," alisema. Halafu akaanza kunieleza jambo nililokuwa silijui.

Baba hakupelekwa India kutibiwa, alisema. Yaani yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa na uvimbe tumboni, na alikuwa amekataa hospitali kuliko hata mama. Mama ndiye aliyemdanganya. Alimwambia kuna mashine za kusaga nafaka zinapatikana India kwa urahisi, waende wakachague moja pamoja. Baba alikuwa na ndoto ya mashine ya kusaga. Akashona suruali mpya. Walipotoka uwanja wa ndege gari likawapeleka moja kwa moja hospitali, na mama akamwambia watapumzika hapo kwanza.

"Kila asubuhi aliniuliza mashine zinauzwa wapi," alisema. "Siku tatu. Siku ya nne hakuuliza tena. Akawa ananiangalia tu. Hakunisemesha mpaka alipokata roho."

Aliuchukua ungo, akaupepeta mara mbili, akauweka tena.

"Nyinyi hamjui kudanganya kama mimi. Nilipoisikia hiyo Chennai yenu nilijua. Hata hilo neno, 'tupumzike kwanza', ni langu."

Ijumaa dada alikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Aliingia, akapiga magoti kumwamkia mama, akabaki hapo chini.

"Inuka," mama akamwambia. "Nitaonana na huyo daktari wako. Lakini kwanza milima, halafu mahafali, daktari mwisho. Na akisema kupasua, nitajibu mimi."

"Mama, daktari awe wa kwanza. Hiyo milima..."

"Kilima kimoja nimekipanda miaka arobaini. Hivyo vingine nitavipanda nimekaa kwenye gari."

Dada akanitazama anisaidie. Sikumsaidia. Lakini mama alipokwenda kuoga tulikubaliana neno moja, na Jumatatu nikampeleka kwa daktari wetu wa hapa, mama akiwa amebeba bahasha yake mwenyewe. Ile karatasi ilikuwa muda wote kwenye debe la unga. Daktari alimpa dawa za kupunguza maji, akaruhusu safari kwa masharti mengi. Mama alimtaka ayaandike yote, akanipa niyasome, akampa dada ayasome, kisha akaenda na karatasi kwa mfamasia ambaye hatumjui ili naye ayasome.

Tulikwenda. Gari lilikuwa jeupe, dereva mpole, na kona zilikuwa nyingi kama nilivyosema. Thekkady mama alipasua iliki kiganjani kwa mkulima mmoja, akainusa, akasema ni nene kweli, lakini harufu ya yake inaishinda. Mkulima hakuelewa neno, akacheka naye.

Baada ya mahafali, Chennai tulikaa siku sita. Daktari alimpima kwa mashine za kila namna, kisha akaeleza kwa Kiingereza na kitinda mimba akatafsiri: kwa sasa dawa zitatosha, hakuna kupasua, apimwe tena kila mwaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akawatoa nje dada na kitinda mimba, akafunga mlango, akanitaka mimi nimuulize daktari upya na nimtafsirie upya. Nilipomaliza, akanitoa na mimi, akamwita dada.

Mimi na kitinda mimba tulisimama kwenye ukumbi, wauguzi wakitupita. Ndani tulisikia sauti ya dada ikirudia maneno yaleyale, taratibu, na mama akimkatisha, "Hapo. Rudia hapo."