Algae za Mzee Hamisi na shuka la matanga

Wakuu, salaam aleikum.

Naona mnalia humu algae, huu utando wa kijani wa majini, zimewashinda, kila mtu na dawa yake. Tangi la samaki la mjukuu wangu nalo limekuwa kama supu ya mchicha, ndiyo maana akaniunganisha humu. Mimi ni bibi kizee wa Msambweni, sina cha kuwauzia. Nasimulia nililoliona kwa macho yangu, atakayecheka na acheke.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa mwanamwali nikiishi kwa shangazi. Mumewe, Mzee Hamisi, alikuwa mtunza bustani wa mzungu mmoja Diani. Mzungu aliporudi kwao akamwachia tangi la kioo.

Mzee akalipenda kupita kiasi. Akaleta majani ya maji kutoka mtoni kule Kikoneni, perege wadogo na konokono, akaliweka dirishani ili wapita njia waone.

Kila siku baada ya alasiri aligonga kioo kwa pete yake, ko ko ko, samaki wakaja mbio. Naye akawamwagia makombo ya mkate bila kipimo.

Jua la dirishani, chakula tele. Mnajua wenyewe kilichofuata.

Utando wa kijani ukaziba kioo chote. Akisugua leo kwa kumbi la nazi, baada ya siku chache umerudi. Kisha akaugua, mikono ikakosa nguvu. Kitanda chake kilielekea tangi.

"Sioni hata mmoja," alikuwa akituambia.

Akafa hajawaona. Hilo lilimuuma shangazi kuliko yote, na mimi pia.

Sasa, kwetu nyumba ikiwa na msiba vioo hufunikwa. Wanawake wakafunika kioo cha kabati, na tangi nalo wakalitupia shuka zito, maana nalo ni kioo. Kulisha samaki hakuna aliyekumbuka.

Katikati ya matanga, baada ya alasiri, tumejaa mikekani chumba kizima, tukasikia chini ya shuka:

Ko. Ko. Ko.

Aliyekuwa akivuta tasbihi akaishikilia hapo hapo.

Habari zikamfikia Bakari, mdogo wake marehemu. Akaja mpaka mlangoni.

"Shemeji, matanga yakiisha nalimwaga hilo tangi porini. Lina mambo."

"Bakari, nakuomba. Ndilo alilokuwa akilitazama. Usinitolee."

Akafikiri. "Haya. Tukifunua tukikuta samaki wazima, litabaki. Tukikuta uozo, naondoka nalo."

Shangazi hakulala vizuri tena. Hakuwa na picha ya mumewe, wala hakuzaa naye mtoto. Alikuwa na tangi hilo tu.

Matanga yakaisha. Mwenye eda hatazami kioo, kwa hiyo shangazi akageukia ukuta. "Nitazamie wewe, mwanangu."

Bakari akavuta shuka.

Utando ulikuwa umegeuka kijivu, unabanduka wenyewe kama utando wa maziwa yaliyopoa. Lakini upande wa kitandani, kwa ndani, usawa wa mto wa kulalia, palikuwa peupe kabisa. Duara, ukubwa wa uso wa mtu.

Ndani ya duara lile perege walikuwa wakipita, mmoja mmoja, wazima.

Bakari aliliona. Shuka likamponyoka. "Libaki," akasema, na chumba kile hakukiingia tena.

Sikutamka neno juu ya duara.

"Wazima?" shangazi akauliza, bado kaelekea ukuta.

"Wazima wote, shangazi."

"Basi na yeye amewaona."

Nililia siku ile wakuu, na sijui kama ilikuwa ni huzuni au hofu.

Tukabadilisha maji nusu, tukaliondoa tangi dirishani, chakula kikawa cha kubana kwa vidole viwili. Kijani hakikurudi tena.

Kwa hiyo acheni kuhangaika na madawa. Funikeni tangi kwa shuka zito siku chache, msilishe, kisha punguzeni maji machafu. Algae bila mwanga hazina ujanja, majani yenu yatavumilia.

Najua kuna wataalamu humu wataniambia utando wa duara lile uliliwa na konokono. Huenda. Nami nilijiambia hivyo miaka mingi.

Ila aliyewahi kusikia konokono akibisha hodi mara tatu, tena saa ya kula, anijibu hapa chini. Nasubiri.